Maisha ya Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda

Kila mwaka ifikapo tarehe 3 Juni sisi Waanglikana wa Arusha huungana na ndugu zetu wa Uganda kuwakumbuka vijana waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886. Mji wetu haujakosa Waganda tangu siku za Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake hapa kuanzia 1967 hata ilipovunjika mwaka 1977, na Jumuiya ya sasa imewaleta wengine. Mwaka mmoja, tulipokuwa tukitoka kanisani baada ya ibada hiyo, mama mmoja wa mtaa wetu alituuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu pale pale. Wale vijana wengine, waliokuwa wakisoma pamoja na mashahidi nao hawakuuawa, waliishia wapi?

Hilo ni swali jema, na mara chache huulizwa. Tumeona vema kumjibu mama yetu katika kurasa hizi kwa kueleza maisha ya mmoja wao, aliyekuwa mkuu kuliko wote. Jina lake Apolo Kagwa. Hakuwa kasisi wala mwalimu wa dini. Alikuwa mtu wa siasa na mwenye mashamba, na kwa muda wa miaka 37 alikuwa Katikiro, yaani waziri mkuu, wa ufalme wa Buganda.

Alizaliwa yapata mwaka 1864, katika ukoo wa Nsenene, ambao mwiko wao ni senene. Wakati ule mtu wa Buganda aliyetaka mwanawe aendelee alimpeleka kwa mkubwa fulani akatumike, na kijana mwerevu aliweza kupanda ngazi hata akafika katika ua wa Kabaka mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwa Kagwa. Alitumika katika ghala la mfalme, mahali palipotunzwa nguo, bunduki na bidhaa zilizotoka pwani. Kijana wa ghala alijua mambo mengi: nani amepewa nini, nani amenyimwa, na nani anadaiwa. Twadhani kazi hiyo ilimfundisha siasa zaidi ya kitabu chochote.

Lakini vitabu navyo vilikuwapo. Wamisionari wa kwanza wa C.M.S. walifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1877, na Alexander Mackay, fundi kutoka Scotland, akafika mwaka uliofuata. Wasomaji wetu watafurahi kusikia kwamba Waganda wale wa kwanza walianza kulisoma Neno la Mungu kwa Kiswahili, katika Injili alizozitafsiri Askofu Steere wa Zanzibar, maana kwa Kiganda hapakuwa bado na kitu kilichochapwa. Kusoma kulikuwa ndiyo dini yenyewe, kiasi kwamba Wakristo waliitwa wasomaji. Kagwa akawa msomaji. Alipobatizwa alipewa jina la Apolo, yule mtu wa Iskanderia mwenye elimu tunayemsoma katika Matendo ya Mitume.

Mutesa akafa mwezi wa Oktoba 1884, na mwanawe Mwanga akatawala akiwa bado kijana. Mwanga aliogopa wageni, na hofu yake haikuwa bure kabisa, kwa kuwa Wajerumani na Waingereza walikuwa wameanza kugawana nchi hizi. Mwezi wa Januari 1885 vijana watatu wa Kanisa letu waliuawa. Mwaka huo huo Askofu James Hannington, ambaye mwezi Machi alikuwa amekuja huku kwetu Kilimanjaro kumtembelea Mangi Rindi wa Moshi, alishika safari ya kwenda Uganda kwa njia ya mashariki, kupitia Umasaini na Busoga. Waganda waliihofu njia hiyo, na kwa amri ya Mwanga askofu aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba.

Ndipo ukaja mwaka 1886. Hatutaeleza tena habari za Namugongo, maana husomwa kila mwaka. Mashahidi wanaohesabiwa ni 23 wa Kanisa letu na 22 wa Kanisa Katoliki. Katika siku hizo za ghadhabu Mwanga alimpiga Kagwa kwa mkono wake mwenyewe akamjeruhi vibaya. Hata hivyo hakutolewa kwenda kuuawa. Wenzake waliolala naye nyumba moja na kusoma naye ukurasa mmoja walikwenda kwenye moto, naye alibaki na majeraha yake, akapona, akarudi ghalani kazini. Mwaka uliofuata Mwanga yule yule alikuwa amekwisha kumpa cheo kikubwa zaidi. Mambo ya ikulu za wafalme hayafuati hesabu za kawaida.

Mwaka 1888 Mwanga alifanya shauri la kuwapeleka wasomaji wote, Wakristo na Waislamu, katika kisiwa cha ziwani na kuwaacha huko wafe njaa. Siri ikavuja, wakaungana wakamwondoa katika kiti. Baada ya muda mfupi Waislamu wakawafukuza Wakristo, na Wakristo wakakimbilia Ankole. Kagwa alikuwa miongoni mwa wakimbizi hao. Mwanga naye alikimbilia kusini mwa ziwa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, akapokelewa na mapadre wa Kikatoliki pale Bukumbi, karibu na Mwanza. Mtu aliyewachoma Wakristo alikula chakula chao! Wakimbizi wa Ankole wakatuma watu kwake, wakapatana naye, wakapigana vita ya kumrudisha. Kiongozi wao, Mkatoliki Nyonyintono, aliuawa vitani mwaka 1889, na Kagwa akashika mahali pake. Mwanga aliporudi Mengo, Kagwa alifanywa Katikiro. Umri wake ulikuwa yapata miaka 25.

Sasa twafikia jambo ambalo afadhali tuliseme wazi. Wakristo waliorudi walikuwa wa pande mbili, Waprotestanti na Wakatoliki, na kila upande ulitaka vyeo na mashamba. Watu waliwaita Wangereza na Wafransa, kana kwamba wao si Waganda tena. Mwezi wa Desemba 1890 alikuja Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza, naye alikuwa na bunduki za mzinga ziitwazo Maxim. Tarehe 24 Januari 1892 pande hizo mbili zilipigana Mengo, na Lugard akawasaidia Waprotestanti wakashinda. Kagwa ndiye aliyekuwa mkuu wa upande wetu. Tangu Namugongo, ambako Wakatoliki na Waanglikana walikufa pamoja katika moto mmoja, ilikuwa haijapita hata miaka sita. Ndugu zetu Wakatoliki wa mji huu wanalijua jambo hilo, na si haki sisi tulisahau.

Uingereza ikaitangaza Uganda kuwa chini ya ulinzi wake mwaka 1894. Mwanga aliasi mwezi Julai 1897, akashindwa, akavuka mpaka kuingia katika nchi ya Wajerumani. Mahali pake aliwekwa mwanawe Daudi Chwa, mtoto mwenye umri wa mwaka mmoja tu. Ikabidi nchi itawaliwe na wasimamizi watatu: Kagwa, Zakaria Kisingiri ambaye naye ni Mwanglikana, na Mkatoliki Stanislaus Mugwanya. Kati ya hao watatu hakuna aliyeshindana na sauti ya Kagwa. Mwanga alikamatwa mwaka 1899, akapelekwa visiwa vya Ushelisheli, na huko, kabla ya kufa mwaka 1903, alibatizwa kwa jina la Danieli.

Mwaka 1900 ndio uliomfanya Kagwa kuwa mtu tajiri, na kwa ajili ya mwaka huo Waganda wanabishana juu yake hata leo. Serikali ya Kiingereza ilimtuma Sir Harry Johnston kufanya mapatano na Buganda. Mazungumzo yalichukua miezi. Kagwa na wenzake hawakuwa wajinga. Walipinga, wakaomba, wakaandika barua, na mapatano yakatiwa sahihi tarehe 10 Machi. Kila nyumba itatoa kodi ya rupia 3 kwa mwaka. Kabaka na baraza lake watabaki na madaraka yao. Na ardhi itagawanywa.

Hapo zamani mkubwa wa Buganda alikuwa na ardhi kwa sababu ya cheo chake, na cheo kilipokwisha ardhi nayo ilimponyoka. Mkulima alipewa kibanja, shamba lake la migomba lenye nyumba yake ndani. Msomaji wa Meru aufikirie mfano wa kihamba, ataelewa mara moja. Mkubwa akiwa mkali mno, mkulima aliweza kufunga mzigo akaenda kwa mkubwa mwingine, kwa hiyo wakubwa walijizuia kidogo. Tena palikuwa na ardhi za koo, ambamo mababu walizikwa, na hizo zilisimamiwa na wazee waitwao Bataka.

Mapatano ya 1900 yalibadili hayo yote. Ardhi ilipimwa kwa maili za Kiingereza, na ndiyo sababu mpaka leo huitwa mailo. Kabaka alipewa maili za mraba 350. Maili 8,000 ziliwekwa kwa ajili ya wakubwa na watu wengine wapatao 1,000, ziwe mali yao, za kuuza na za kurithisha watoto. Nyika na misitu ilikwenda kwa Serikali. Makanisa nayo yalipewa sehemu, maili 92 kwa misioni zote tatu, na tunalitaja hilo ili msomaji asidhani kwamba Kanisa lilisimama kando likitazama. Baraza la Buganda ndilo lililoamua nani apate nini, na mkuu wa baraza hilo alikuwa Kagwa. Mgawaji alikuwa mmoja wa wagawiwa. Sehemu yake na ya marafiki zake haikuwa ndogo, na ardhi nyingi ambazo Bataka walizihesabu kuwa za koo, pamoja na makaburi yake, ziliandikwa kwa majina ya watu wengine. Wakulima wenye vibanja walilala wakiwa watu wa nchi yao, wakaamka wakiwa wapangaji.

Sisi tunaokaa chini ya Mlima Meru hatuwezi kuisoma habari hii kama wageni. Wazee wetu wanakumbuka mwezi wa Novemba 1951, watu wapatao 3,000 walipoondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, nyumba zao zikachomwa, ili wazungu wapate mashamba ya ng'ombe. Kirilo Japhet alikwenda New York mwaka 1952 kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa. Wameru waliweza kumwonyesha mtu aliyewanyang'anya, kwa maana alikuwa mgeni. Mkulima wa Buganda alipotazama ni nani aliyeandikiwa shamba lake, alimwona Mganda mwenzake, pengine aliyepiga magoti karibu naye Jumapili iliyopita katika meza ya Bwana.

Wako wanaomtetea Kagwa, nasi hatupendi kuyaficha maneno yao. Wanasema kwamba kama ardhi ile isingeandikwa kwa majina ya Waganda, masetla wangaliichukua kama walivyochukua milima ya Kenya, na kwamba Kagwa alilijua hilo na kulizuia kwa njia pekee aliyoweza. Kuna ukweli mkubwa ndani yake. Buganda haikupotea mikononi mwa walowezi. Lakini kuikinga nchi na wageni ni jambo moja, na kujiandikia maili nyingi hivyo ni jambo jingine. Kwa maoni yetu utetezi huo unajibu swali la kwanza tu.

Tusimwonee, hata hivyo, maana alifanya kazi kwa bidii ambayo wengi wenye mashamba hawakuwa nayo. Mwaka 1902 alialikwa Uingereza kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba. Alifuatana na Ham Mukasa, aliyekuwa katibu wake katika safari hiyo, na kasisi Ernest Millar. Reli ilikuwa imefika ziwani miezi michache tu kabla yake, hivyo safari ya kwenda pwani, ambayo wapagazi waliihesabu kwa miezi, wao waliifanya kwa siku chache. Mfalme akaugua, sherehe ikaahirishwa kutoka Juni hadi tarehe 9 Agosti, na wageni wetu wakapata nafasi ya kutazama mengi. Ham Mukasa aliandika kitabu kizima juu ya safari hiyo. Mwaka 1905 Kagwa alipewa heshima ya kuitwa Sir.

Alijenga nyumba ya ghorofa pale Mengo wakati ambapo nyumba ya namna hiyo ilikuwa ajabu ya kutembelewa. Alikuwa na mashine yake mwenyewe ya kuchapa vitabu, naye aliitumia. Mwaka 1901 alitoa kitabu cha wafalme wa Buganda, kisha hadithi, kisha mila na desturi, kisha habari za koo. Aliwaita wazee walioshika habari za kale vichwani mwao, akawauliza, akaandika. John Roscoe, mmisionari wa C.M.S. aliyeandika kitabu kikubwa cha Kiingereza juu ya Waganda mwaka 1911, asingekiandika bila msaada wa Kagwa. Ni kweli kwamba katika vitabu vyake yeye na wenzake huonekana daima wakiwa upande wa haki. Lakini ni wangapi kati ya watawala wa Afrika Mashariki wa siku zile waliokaa mezani usiku wakaandika habari za watu wao kwa lugha yao? Huku kwetu mengi yaliondoka na wazee.

Kanisani alikuwa nguzo. Kanisa kuu la Namirembe, lililowekwa wakfu mwaka 1904, lilipigwa na radi mwaka 1910 likateketea. Kagwa na wakubwa wengine walitoa fedha zao, na lile la matofali linalosimama hata leo likawekwa wakfu mwaka 1919. Alipenda shule pia, na wana wa wakubwa wakapelekwa King's College, Budo, iliyoanzishwa mwaka 1906.

Zao la pamba, ambalo mbegu zake ziliingizwa mwaka 1903 kwa juhudi za mmisionari Borup, lilileta fedha nyingi, na fedha ikaleta ugomvi. Wenye mailo walidai kodi ya ardhi iitwayo busuulu, na juu yake wakadai sehemu ya mavuno iitwayo envujjo. Kadiri mkulima alivyolima zaidi, ndivyo alivyodaiwa zaidi. Kuanzia mwaka 1921 Bataka wakasimama kudai ardhi za koo, wakiongozwa na Jemusi Miti. Walipeleka malalamiko yao kwa Kabaka Daudi Chwa, yule mtoto aliyelelewa chini ya usimamizi wa Kagwa, ambaye sasa alikuwa mtu mzima na alikuwa amechoka kusimamiwa. Chwa aliwaonea huruma. Wakubwa wa baraza, wengi wao wenye mailo, wakakataa. Serikali ikafanya uchunguzi, lakini ardhi haikurudishwa kwa koo.

Kagwa hakuangushwa na Bataka, bali na jambo dogo. Maafisa vijana wa Kiingereza hawakujua wala hawakujali kwamba mzee huyu alikuwa ametia sahihi mapatano wakati wao wangali watoto. Walitaka kuwaamuru wakubwa wa Buganda moja kwa moja, bila kupitia kwa Katikiro. Ugomvi wa mwisho, kati yake na mkuu wa jimbo aitwaye Postlethwaite, ulihusu vibali vya pombe. Kagwa alisema kwamba mapatano yanavunjwa, akaandika barua nyingi, akapeleka shauri juu kwa wakubwa wa afisa huyo. Hakusikilizwa. Mwaka 1926 alijiuzulu.

Hakuishi mwaka mzima baada ya hapo. Alifia Nairobi mwezi wa Februari 1927, mbali na ghorofa yake ya Mengo na mashamba yake yote.

Muda si mrefu baada ya kifo chake Serikali ililazimisha sheria ya busuulu na envujjo, ambayo ilianza kutumika mwaka 1928. Iliweka kikomo cha malipo ambayo mwenye mailo angeweza kudai, na ikakataza mkulima kufukuzwa katika kibanja chake bila amri ya mahakama. Mwenye kibanja aliweza tena kupanda mgomba akijua kwamba watoto wake watakula ndizi zake. Wenye mailo wote walipaswa kuitii sheria hiyo, na warithi wa Sir Apolo Kagwa miongoni mwao.